Pambo Lijue Kuoza

Ndugu zangu wa Bomeni hapa Taveta, na ninyi majirani wa Mahoo, Chala, Mata na Mboghoni. Ninyi wa Voi na Mwatate, na wenzetu wa milimani Wundanyi, nisikilizeni.

Kazi yangu ni kupamba. Harusi zenu nimezipamba, mahafali ya watoto wenu nimeyapamba, na majeneza ya wazee wetu nimeyawekea mashada. Leo sikuja na bei. Nimekuja na ombi, na ombi lenyewe linaanzia kwenye kosa langu mimi.

Miaka kadhaa iliyopita nilitengeneza shada la mazishi ya mzee jirani. Lilikuwa shada la kujivunia: mawaridi meupe, majani ya kangaga, utepe wa zambarau unaong'aa wenye maandishi ya dhahabu. Watu walilisifu hadi nikaona haya. Mwaka ulipozunguka, familia ikanialika kwenye ibada ya kumkumbuka. Nikafika mapema, nikaenda kaburini peke yangu. Mawaridi yalikuwa yamekwisha zamani. Jua na mchwa walishafanya kazi yao. Lakini lile duara la plastiki lilikuwa pale pale. Waya ulikuwa umeshika kutu na kuchomoza kama miiba. Utepe ulikuwa umepeperuka hadi zizini, mbuzi mmoja anautafuna taratibu. Na ile sponji ya kijani tunayochomekea maua, nilipoishika tu, ikasagika mkononi ikawa unga, upepo ukaupeleka mgombani.

Mjane alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema kwa upole, "Mwanangu, maua yako hayataki kuondoka."

Alikuwa ananitania. Mimi usiku ule sikulala vizuri.

Tangu siku hiyo, kabla sijakata hata kijiti kimoja, najiuliza: shughuli ikiisha, kitabaki nini? Ua ni kitu cha kunyauka, na ndiyo maana tunalipeleka mahali penye furaha kubwa au huzuni kubwa. Linatuambia kwamba siku hii ni moja, haitarudi. Pambo lisilojua kuoza halilijui neno hilo.

Tofali la kijani

Kwa wasioijua, sponji ya maua ni bonge jepesi la kijani, linauzwa limekatwa kama tofali. Ukiliweka kwenye beseni linakunywa maji, nawe unachomeka ua popote, likae pembe yoyote unayotaka. Lilibuniwa Marekani mwaka 1954, na limeturahisishia kazi sisi mafundi, siwezi kukana. Lakini ni plastiki. Haliozi, linasagika tu, na kila chembe inabaki kuwa plastiki, ndogo kuliko ya jana. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha RMIT, mjini Melbourne, walieleza kwamba chembe hizo huliwa na viumbe wa majini, wa mito na wa bahari, na kwamba hutoa kemikali zinazowadhuru viumbe hao. Kuanzia 2021 chama kikuu cha bustani cha Uingereza, Royal Horticultural Society, kikaikataza sponji hiyo kwenye maonyesho yake, hata yale mashuhuri ya Chelsea.

Hayo ni ya mbali. Tuje kwetu. Mto Lumi unatoka upande wa Kilimanjaro, unapita kwetu, unaingia Ziwa Jipe. Mfereji unaonywesha ndizi zetu ndio unaopita kando ya uwanja tunaofungia hema la harusi. Fundi akimaliza kazi usiku, amechoka, anayamwaga wapi maji ya beseni yaliyojaa unga wa kijani? Mferejini. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 28 Agosti 2017. Tangu 5 Juni 2020, chupa, vikombe na sahani za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye hifadhi, na kaunti yetu zaidi ya nusu yake ni hifadhi za Tsavo. Ukikutwa na mfuko kwenye geti la hifadhi, utajieleza. Lakini plastiki ile ile ikivaa umbo la ua, tunaipa kiti cha mbele kanisani. Wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Siku hizi hata huo mti hamna.

Tulikuwa tunajua

Hakuna jambo geni ninalowaombeni. Nani kati yetu hajaona migomba miwili ikisimamishwa langoni kwa arusi, au kando ya barabara kiongozi anapokuja? Vijana wanakwenda shambani alfajiri, wanaikata mizima na majani yake, wanaichimbia mashimo, wanaunganisha vichwa vyake kwa makuti. Kisha dada mmoja anapita na tawi la bogonvilia, anachomeka maua ubavuni mwa shina, hapa jekundu, pale jeupe. Shughuli ikiisha, mgomba unakwenda kwa ng'ombe au unalazwa shambani. Yule dada alikuwa ameshajua kitu ambacho mimi nilikuja kukilipia pesa dukani: kwamba shina la mgomba limejaa maji, na ua likichomekwa humo linakunywa.

Tushuke na reli hadi pwani. Akina mama wa Mombasa na Lamu wana kikuba. Vikonyo vya asumini huchumwa jioni vikiwa bado vimefumba, kwa sababu ua hilo hufunguka usiku na harufu yake ndiyo inayotakiwa chumbani. Huunganishwa na rehani, mkadi na waridi, vikafungwa pamoja kwa uzi, mwanamke akakibandika nguoni au kwenye nywele. Hiyo ni sanaa kamili: ina rangi, ina umbo, ina harufu, na ina saa yake. Asubuhi kimenyauka, kinafagiliwa pamoja na majani ya uani. Hakuna mtu aliyewahi kuokota kikuba cha mwaka jana.

Mwacha mila ni mtumwa, na kwa hili utumwa wetu ni wa kulipia. Tumeacha kitu cha bure kinachonukia, tukanunua kisichonuka chochote.

Shina moja, hatua kwa hatua

Acha niwaonyeshe ninavyofanya, ili asiseme mtu kwamba nahubiri tu.

Mgomba huzaa mara moja. Ukishakatwa mkungu, shina lile halina kazi tena ila kuwapisha watoto wake. Kwetu, ambako malori ya ndizi hupakiwa Jumatano na Jumamosi za soko, mashina ya namna hiyo hayakosekani. Namwomba mkulima shina lililokatwa jana. Nalikata vipande vya urefu wa mkono, kutoka kiwiko hadi vidole. Nikikitazama kipande kwa upande uliokatwa naona vyumba vidogo vidogo kama sega la nyuki. Humo ndimo maji yalimo.

Hapa sikilizeni, maana somo hili nililipia. Utomvu wa mgomba huacha doa jeusi kwenye nguo, na doa hilo halitoki. Mara ya kwanza niliweka kipande kibichi moja kwa moja juu ya kitambaa cheupe cha meza kuu. Kitambaa hicho sasa ni changu. Nilikinunua bila kupenda. Tangu hapo vipande vyangu hulala usiku kucha vimesimama wima kwenye majani makavu, vinachuruzika. Asubuhi navikalisha juu ya sinia la udongo au ungo uliotandikwa jani la mgomba. Jani lenyewe nimelipitisha kwanza juu ya moto wa jiko, likabadilika rangi na kulainika, maana bila moto hupasuka ukilikunja.

Halafu natoboa. Bua laini kama la zinia huvunjika ukilisukuma tu, kwa hiyo natangulia na kijiti kilichochongwa, kisha ua linafuata tundu lake. Kijiti kigumu cha mjohoro au bogonvilia nakichonga mshazari, kinaingia chenyewe. Nikitaka urefu, nasimamisha matete, nayafunga matita kwa kamba ya mgomba na kuyabana ndani ya chungu. Maua yanajishikilia katikati ya matete bila kitu kingine. Wajapani, ambao sanaa yao ya ikebana ina karne nyingi, hutumia kibao kizito cha metali chenye misumari iliyosimama, wanakiita kenzan. Nilimpelekea fundi wa kuchomelea hapa mjini kipande cha chuma chakavu na misumari, nikamchorea kwenye karatasi ya sigara. Alicheka, akadhani nataka kukomesha panya. Kimenitumikia miaka mingi sasa, na nikifa mwanangu atakirithi.

Maua nayachuma kabla ya jua kuchomoza, maana jua la Taveta halimsubiri mtu. Bogonvilia hunyauka upesi ikikatwa. Nayazamisha matawi yake mazima kwenye maji kwa muda kabla ya kuyatumia. Haibiskasi ni kinyume chake: ua lake likishafunguka hukaa siku nzima hata bila maji, kisha hujikunja jioni. Kwa hiyo naliweka mwisho kabisa, juu ya kitambaa, mbele ya sahani ya mgeni. Linaondoka wakati mgeni naye anaondoka.

Macho kabla ya mkasi

Watu huniuliza hizo fikra natoa wapi. Siri yangu ni ndogo. Simwulizi bibi harusi anataka ua gani. Namwuliza harusi ni mwezi gani. Masika yakishanyesha, nina zinia, merigoldi, alizeti na majani ya kila namna. Kiangazi, nageukia vikavu: masuke ya mtama, maganda ya mahindi, vibuyu, mabuyu ya huko nyikani upande wa Voi, na mabamia yaliyoachwa yakakaukia mtini, ambayo yakipasuka yana mistari mizuri kuliko kitu chochote cha dukani. Mchicha ulioachwa ukatoa mbegu una mkia mwekundu unaoning'inia kama hereni. Na ile chupa ya zambarau inayobaki mwisho wa mkungu wa ndizi, ambayo wakulima hushauriwa kuivunja kwa kijiti chenye panda ili kuzuia mnyauko, mimi naiomba. Ukiziweka tatu pamoja katikati ya meza, hakuna anayeuliza mawaridi yako wapi.

Tena tuna mkonge. Kaunti yetu imejaa mashamba yake, na Mwatate hujulikana nje ya nchi kwa ajili yake. Mkonge huishi miaka mingi, hutoa mlingoti mmoja mrefu wa maua, kisha hufa. Mlingoti huo ukikauka ni mwepesi, mtoto anaweza kuubeba. Minne ukiifunga kwa kamba za katani una tao la harusi ambalo halihitaji msumari. Katani ndiyo utepe wangu pia. Akina mama wa Taita wanaisokota na kuitia rangi kwa ajili ya vikapu. Nanunua kwao mafungu ya rangi za sare ya arusi.

Baada ya hapo naangalia mahali penyewe. Nakaa kwenye kiti cha mgeni, naweka kiwiko mezani na ngumi chini ya kidevu. Pambo la katikati halipiti ngumi hiyo, au basi lipande juu ya vichwa kabisa. Watu wamekuja kuonana. Ua lisiwe ukuta kati ya shangazi na shangazi. Kisha natazama tawi kabla ya kulikata. Kila tawi lina upande linakotaka kuangalia; ukililazimisha kugeuka utashindana nalo hadi usiku. Nafasi tupu nayo ni sehemu ya pambo, kama kimya kati ya beti mbili za wimbo. Na mara nyingi, nikidhani limekamilika, naondoa maua matatu, linakuwa zuri zaidi.

Watasema ni umaskini

Najua litakalosemwa kwenye kamati ya harusi: "Migomba? Watu watasema tulikosa pesa." Nimelisikia mara nyingi, na sikasiriki. Anayeoza mtoto wake anataka heshima.

Basi sikilizeni kisa cha Constance Spry, mwanamke wa Uingereza aliyezaliwa 1886. Huko London matajiri walikuwa wakimlipa awapambie, naye akawaletea matawi ya vichakani, matunda ya porini na majani mapana ya mboga za jamii ya sukuma wiki. Sukuma wiki, ndugu zangu, kwenye meza za mabwana! Na mwaka 1953, Malkia Elizabeth alipotawazwa, yule aliyepata habari za kurithi kiti akiwa hapa Kenya mwaka mmoja kabla, Constance Spry ndiye aliyekabidhiwa maua. Heshima haikuwa kwenye bei ya ua. Ilikuwa kwenye jicho na mkono.

Au twende Thailand. Kila mwaka, mwezi mpevu wa kama Novemba, watu wa huko husherehekea Loy Krathong kwa kuachilia majini vijahazi vidogo vyenye maua, mshumaa na ubani. Chini ya kijahazi huwa ni kipande cha shina la mgomba, kimezungushiwa majani ya mgomba yaliyokunjwa kwa ustadi wa kushangaza. Ilipoingia fasheni ya vijahazi vya plastiki nyepesi, mito ikajaa uchafu, na serikali za miji zikawa zinawahimiza watu warudi kwenye mgomba. Wao wameona aibu ya plastiki. Sisi bado tunaona aibu ya mgomba, wakati tumezungukwa nao. Mcheza kwao hutunzwa. Mgomba unacheza kwao hapa.

Mwingine atasema maua ya plastiki yanatumika tena na tena. Hilo ni kweli kidogo. Kama unayo tayari, yaoshe, uyatumie mpaka yachoke, wala usiyachome moto uani, moshi wake ni sumu. Ninachoomba ni usinunue mengine. Na waridi je? Waridi si adui yetu. Linalimwa na Wakenya wenzetu, kule Naivasha na kwingineko. Machi 2020, ndege zilipokosekana na masoko ya Ulaya kufungwa, mawaridi mazuri yalitupwa kwa malundo, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Siku zile niliona jinsi tulivyo wageni wa maua yetu wenyewe. Nunueni mawaridi, machache, muyaweke pale jicho linapotua. Yaliyobaki yatoke kwenye uzio wa jirani.

Kuhusu bei sitawadanganya. Vifaa vyangu ni rahisi, lakini mikono ni mingi na saa ni nyingi. Huenda hesabu ya mwisho isipungue sana. Tofauti ni mahali pesa inapokwenda: kwa mkulima wa Mahoo, kwa mama msokota katani, kwa kijana aliyekuja na mkokoteni saa kumi na moja alfajiri. Pesa ya plastiki ikishavuka barabara hairudi.

Vya kwetu vina mipaka

Nisieleweke vibaya. Kusema "vya kwetu" si kusema tuvamie misitu. Kuna ua dogo la zambarau linalopandwa kwenye vyungu vya madirishani dunia nzima. Wazungu walilipata Usambara, likapewa jina la Saintpaulia mwaka 1893. Ndugu yake mmoja, aliyepewa jina la Saintpaulia teitensis, anaishi porini mahali pamoja tu: msitu wa Mbololo, juu ya Voi. Hata jina lake ni la kwetu. Likichumwa huko likaisha, hakuna soko la kwenda kulinunua. Maua ya misitu ya Mbololo, Ngangao na Vuria tuyaache huko huko, twende kuyatazama.

Mgomba nao una adabu zake. Magonjwa kama mnyauko wa bakteria na Panama husafiri na panga na udongo kutoka shamba hadi shamba. Usichukue shina la mgomba unaonyauka au wenye majani ya manjano yasiyoeleweka. Safisha panga kwa dawa ya madoa au kwa moto kabla ya kuingia shamba la pili. Baada ya sherehe, mashina yarudi shamba lilelile yalikotoka. Pambo langu likimharibia mkulima shamba, nitakuwa nimehamisha kosa tu, kutoka kaburini hadi mgombani.

Kuna mmea ambao nawaombeni tuukate bila huruma: lantana, ile yenye vishada vya rangi ya chungwa na waridi, inayosonga malisho na kuwadhuru ng'ombe wakiila. Ni mgeni mvamizi, na ni mzuri ajabu kwenye chungu. Ila ya kupambia chukua yenye maua, usibebe yenye vitunda vyeusi, maana ndege hupanda mbegu zake kila wanapotua.

Ninachowaomba

Kamati za harusi: kwenye kikao cha kwanza, kabla ya kuhesabu sahani, ulizeni lile swali. Shughuli ikiisha, kitabaki nini, na nani atakiondoa? Andikeni jina la mtu huyo kwenye daftari kama mnavyoandika la mweka hazina. Mkodi, mkope au mshone vitambaa. Puto na karatasi za kumetameta ziachwe dukani.

Familia zilizofiwa: shada moja la ndugu wote linatosha, nalo lifungwe kwa katani juu ya duara la matawi. Anayetaka kuleta lake alete mche. Karatasi ya nailoni ivuliwe kabla ua halijawekwa kaburini. Sisi wa Taveta tunaishi na makaburi ya vita. Katika Vita Kuu ya Kwanza, vijana wa nchi nyingi walianguka hapo kilima cha Salaita tarehe 12 Februari 1916, na baadhi ya wafu wa vita ile wamelala mjini mwetu. Hata lile ua jekundu la popi ambalo Waingereza huvaa kuwakumbuka askari wao lilikuwa na plastiki miaka mingi. Mwaka 2023 wakaanza kutengeneza la karatasi tupu. Kama kumbukumbu ya jeshi zima imeweza kubadilika, na ya babu yetu itaweza.

Viongozi wa makanisa, misikiti na mahekalu: neno lenu lina uzito kuliko sheria. Tangazeni kwamba ndani ya nyumba ya ibada sponji ya kijani haiingii. Wekeni vyungu na vibao vya misumari stoo, kila mpambaji avikute.

Wakulima: mnapokata mkungu, mkumbukeni fundi wa maua kabla ya kulikatakata shina. Nasi mafundi tukulipeni, tusiite bure kwa sababu ni "takataka." Na ninyi wa milimani, ambao kabichi na nyanya zenu zinashuka hadi Voi na Mombasa, baridi yenu inafaa mayungiyungi na majani ambayo huku chini hatuyawezi. Jaribuni mstari mmoja ukingoni mwa mboga.

Walimu: nyuma ya darasa pana ukingo mtupu. Pakiti moja ya zinia, maji ya kunawia mikono, na mahafali ya Novemba yana maua yake, yaliyopandwa na wanaohitimu.

Kaunti: Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka za kuoza zitenganishwe na zisizooza. Soko la Taveta, lenye majani ya ndizi kila kona, ndilo mahali pa kuanzia. Tupeni eneo la kuozeshea mboji, tutaleta mapambo yetu yote humo. Na mgeni wa heshima akija, mwagizeni mpambaji wa hapa, mwambieni migomba isimame langoni kama zamani.

Mafundi wenzangu: najua sponji inaokoa saa mbili. Anayetaka kujifunza kukaa bila hizo saa mbili anitafute, nitamfundisha bure, naye anifundishe lake. Tukibaki wawili watatu tunaokataa, tutaonekana wakaidi. Tukiwa wote, itakuwa ndiyo kazi ilivyo.

Yule mjane aliniita tena majuzi. Mjukuu wake alikuwa anaolewa. Nilisimamisha migomba minne, nikajaza meza kwa zinia za uani kwake, nikafunga kila kitu kwa kamba za mgomba. Jumatatu nilirudi kuchukua vyungu vyangu. Uwanja ulikuwa umefagiliwa. Nikamkuta bibi mgombani, amekaa juu ya kigoda, anapanga vipande vya shina kuzunguka watoto wa migomba, na maua yaliyonyauka juu yake. Mbuzi walikuwa wanamalizia majani.

Sikumwambia lolote, naye hakusema. Alinisogezea kipande kimoja kwa mguu, nikainama, nikakipanga.